Mwalimu na Maziwa Hewa

Mwalimu hakuwa mtu wa kusema "imekubali." Sisi wengine pale chuoni, programu ikienda bila kukwama, tulipiga meza na kelele juu. Yeye aliinama, akaangalia kioo cha kompyuta juu ya miwani, halafu akasema polepole, "Bado haijanikatalia." Ukitaka akuambie kazi yako ni nzuri ungengoja mpaka uote mvi. Mimi nilingoja. Nilikuwa mwanafunzi wake, baadaye nikawa msaidizi wake wa kufundisha, na neno "nzuri" nililisikia mdomoni mwake mara moja tu, tena alikuwa anasifu chai.

Chuo chetu kilikuwa juu ya duka la mabati na misumari, katikati ya mji wa Nakuru. Lori likishusha mzigo chini, meza zetu zilitetemeka. Wanafunzi wengi walitoka mitaa ya Rhonda na Kaptembwo, vijana waliotaka cheti ili waandikwe kazi. Walikuja kujifunza kupiga chapa na kutengeneza kadi za harusi. Mwalimu aliwafundisha hayo, kisha akawaongezea kitu ambacho hakuna aliyekiomba: kuandika programu kwa lugha ya funksheni tupu.

"Mwalimu, hii kitu itatupea kazi kweli?" kijana mmoja alimuuliza.

"Sijui. Lakini itakuzoesha kusema ukweli."

"Sasa ukweli unaandikwa kazi wapi, Mwalimu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. Aligeuka akaendelea kuandika ubaoni, na mgongo wa koti lake umejaa vumbi la chaki kama kawaida.

Wacha niieleze lugha hiyo kama alivyotueleza, maana bila hivyo huwezi kumwelewa mtu huyu. Funksheni hupewa kitu, ikatoa kitu, basi. Ukiipa kilekile leo na kesho, itatoa kilekile. Haichungulii dirishani, haimnong'onezei mtu, haiandiki neno pembeni. Hiyo ni tabia njema, ila ina balaa lake. Jibu likitoka baya mwishoni, huwezi kujua limeharibikia wapi, kwa sababu hakuna hata mmoja njiani aliyeruhusiwa kufungua mdomo. Dawa ya balaa hilo ni kitu wanachokiita monadi. Vitabu vyote vilivyoieleza viliniumiza kichwa. Mwalimu alileta hotpoti.

Ilikuwa hotpoti ya nyumbani kwake, ya plastiki, yenye maua mekundu. Alitupanga mstari, kila mmoja wetu hatua moja ya programu. Wa kwanza alitia chapati ndani akafunika, akampa wa pili. Sheria ilikuwa hii: anayepokea anaruhusiwa kufungua na kufanya kazi yake, lakini lazima arudishe ndani na kufunika tena. Haruhusiwi kumpa mwenzake chapati mkononi. Na kila anayefunika, pamoja na chapati aweke maneno yake: nimepokea hivi, nimetoa hivi. Hotpoti ikifika mwisho, ndani mna chapati na habari yote ya mikono iliyoigusa.

"Hiyo ndiyo monadi," alisema. "Uchawi hakuna."

Kati ya mtu na mtu alitusimamisha. "Tuendelee, turudi, au tubadilishe?" Tukisema turudi, hotpoti ilirudi kwa aliyetangulia, na chapati iko vilevile ilivyokuwa mikononi mwake. Hapo zoezi lilivurugika, kwa sababu kuna jamaa wa nyuma alikuwa ameshaila. Lakini tulielewa. Na hayo hayakuwa mchezo wa darasani peke yake. Mwalimu alikuwa ameandika chombo cha kufanya hivyo ndani ya kompyuta. Kila programu aliyoiandika ilikuwa nacho. Ukiiamuru, ilisimama hatua kwa hatua, ikakuonyesha thamani iliyofika hapo na imepitia wapi, kisha ikauliza kwenye kioo, kwa Kiswahili chake safi: *Endelea? Rudi? Badili?*

Mtu huyu alikuwa na swali lake la maisha. "Na kabla ya hapo?" Mwanafunzi akija amechelewa, ajitetee kwamba alinyeshewa, Mwalimu alikohoa kidogo akamuuliza, "Na kabla ya hapo?" Kabla ya hapo nilikuwa natafuta viatu. "Na kabla ya hapo?" Kabla ya hapo nilikuwa nimelala, Mwalimu. "Ehe. Keti." Pale Section 58 alikokaa, majirani wakigombana juu ya maji au watoto walimwita yeye kabla ya kumwita chifu. Aliwasimamisha mlangoni akawauliza swali hilo kwa zamu, bila kupandisha sauti, mpaka wenyewe wanaanza kuona haya.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mkaidi, tena mwenye dharau kwa vitu vingi: runinga, mashairi ya mapenzi, na mtu yeyote anayegusa kibodi kabla ya kusema anatarajia nini. Na huyu bwana wa ukweli alimdanganya mke wake kila siku ya Mungu. Daktari alikuwa amemkataza sukari. Nyumbani alikunywa chai chungu na uso wa mtu anayeonewa, akija chuoni anaitia mpaka kijiko kinasimama. "Usimwambie mama," aliniambia. Mama alijua siku nyingi. Aliniambia mwenyewe sokoni kwamba mume wake hajui kudanganya hata paka, na nilimwamini.

Basi ukaja mwanzo wa mwaka wa 2008, baada ya kura. Sina haja ya kueleza moshi uliofunika mji, aliyekuwepo anajua na asiyekuwepo ameambiwa. Chuo kilifungwa. Watu walijaa kwenye uwanja wa maonyesho na magodoro vichwani. Ninachotaka kusema ni kimoja. Mwezi ule kila mtu alikuwa amelichukua swali la Mwalimu. Kila upande ulikuwa unauliza na kabla ya hapo, na kabla ya hapo, unarudi nyuma hadi pale panapoupendeza, unasimama hapohapo na kuchukua panga. Tulipofungua tena chuo sikumsikia akiliuliza. Mwanafunzi aliingia amechelewa, akasimama mlangoni akingoja kuulizwa, na Mwalimu akamwambia tu, "Keti, mwanangu."

Simu ya kituo cha maziwa ilikuja siku zile. Kilikuwa kituo cha ushirika huko mbele ya Salgaa, mahali wakulima wanapoleta maziwa asubuhi yapimwe na kumiminwa kwenye tangi la baridi. Mwaka uliotangulia mimi na Mwalimu tuliwaandikia programu ya hesabu yao. Karani wa mapokezi alikuwa Rose, mwanamke wa makamo, mpole, kwao Busia. Mkulima alileta mtungi wake, Rose akapima, akaingiza namba ya mwanachama na namba iliyopakwa rangi kwenye mtungi. Hiyo namba ya mtungi ilikuwa wazo la Mwalimu, ili maziwa yakiharibika ijulikane yametoka chombo gani. Kila lita ndani ya programu yetu ilikuwa inatembea na habari yake.

Tulimkuta Rose amekalishwa kwenye benchi mbele ya kamati. Nje ya geti walisimama vijana, wengi, na hawakuwa wamekuja kunywa maziwa.

"Mwalimu," mwenyekiti alianza, "wewe ndio ulitengeneza hii mashine, sasa iambie iongee. Kuna mwanachama hapa alihama. Nyumba iliungua, kila mtu aliona. Na kila asubuhi mashine inasema ameleta maziwa. Ni pepo?"

"Ni maziwa hewa," mwingine akadakia. "Huyu mama anajiandikia, mwisho wa mwezi anakula."

"Rose, unasema nini?" Mwalimu aliuliza.

"Mimi naandika chenye nimeletewa," Rose alisema.

Ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwemo. Mashine ikisema Rose amebuni maziwa, hangefika kituo cha polisi akiwa mzima. Mwalimu aliomba kamati itoke wanywe chai, atupe nafasi. Tukabaki mimi, yeye, na kompyuta. Akaiamuru programu isimame hatua kwa hatua, tukaanza na asubuhi ya jana.

*Endelea?* Tukaendelea. Lita zote zikijumlishwa zililingana na tangi. Kwa hiyo maziwa yalikuwepo kweli, hayakuwa hewa. *Rudi?* Tukarudi hadi pale namba ya yule aliyehama ilipoingia. Programu ikatuonyesha habari iliyotembea na zile lita: zilikuwa zimekuja kwa mtungi wa mwanachama mwingine, mara tu baada ya mwenye mtungi kupimiwa yake. Tukarudi juzi. Mtungi uleule. Siku iliyotangulia, uleule. Namba ya mtungi ilikuwa ya mama mmoja mjane, jirani wa ile nyumba iliyochomwa. Jirani amekimbia, ng'ombe wamebaki wanalia na matiti yamejaa. Mama akawa anawakamua, anayaleta maziwa, anayaandikisha kwa jina la mwenye ng'ombe.

Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Nilikuwa nimeshainuka kuwaita kamati wakati Rose alipoingia na birika.

"Mwalimu, umeona?"

"Nimeona."

"Basi usione." Alimimina chai na nusu ikamwagika kwenye sinia. "Huyo mama, vijana wake wako hapo kwa geti. Hata wao hawajui anakamua ng'ombe za nani. Hawa watu wakijua anawekea yule mtu wa upande ule maziwa yake, watamfanya nini?"

"Na wewe je, Rose?" nilimuuliza.

"Mimi wakisema ni mwizi, nikipona nitafungasha nirudi kwetu. Yeye kwao ni hapa."

Mwalimu aligeukia kompyuta. Alikaa akiangalia kioo, na kioo kilikuwa kinamwangalia na maswali yake yaleyale. Nimemfikiria sana akiwa kwenye kiti kile. Kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha hakuna kitu kinachofika mwisho bila kusema kimepitia wapi, na sasa ukweli wote ulikuwa pale, umepangwa vizuri, unangoja kusomwa kwa sauti. Ukimwokoa huyu ulimuua yule. Alikohoa, akaongeza sukari kwenye chai ambayo Rose alikuwa ameshaitia sukari, akainywa yote. Halafu akasema, "Waite."

Kamati wakaingia. Mwalimu alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaanza kuongea kama wale wataalamu aliokuwa akiwacheka. Alisema mambo ya monadi. Alisema hali fiche ya monadi imevuja, kwamba mabaki ya desimali yalipokuwa yanakusanywa yaliangukia namba zilizolala, na namba ya yule aliyehama ilikuwa imelala. Hotpoti hakuitaja. Aliongea muda mrefu, kwa sauti moja, maneno mazito juu ya mengine, mpaka mzee mmoja wa kamati akapiga mwayo.

"Mwalimu, tuambie kwa lugha ya watu," mwenyekiti alimkatiza. "Huyu mama ameiba ama hajaiba?"

"Hajaiba. Kosa ni langu. Programu yangu ilikuwa inakata lita kidogo kidogo kwa wengine na kumwekea yule. Hizo lita wekeni kando, msizigawe, mpaka nisafishe hesabu."

Nilimwangalia mdomo wazi. Mtu asiyeweza kudanganya hata paka! Na mwenyekiti alikuwa anamwangalia vilevile, macho ameyafinya.

"Sawa. Lakini tutaleta fundi kutoka Nairobi akague."

"Leteni," Mwalimu alisema. "Ni haki yenu."

Tulipotoka, vijana walitupisha getini. Mmoja alisikia habari, akacheka, "Kumbe ni mzee wa kompyuta ndio mwizi!" Wenzake wakacheka pia, na kicheko kile kikawa kimemwokoa Rose. Nilijizuia mpaka tukafika Salgaa, kwenye hoteli ya madereva wa malori, hapo nikashindwa.

"Mwalimu, programu yetu haina kosa!"

"Najua."

"Mimi ndiye niliandika ile sehemu ya mabaki, nikaijaribu mpaka macho yakauma. Huyo fundi akija atakuta iko sawa. Halafu?"

"Kula, mheshimiwa. Ugali unapoa."

Siku chache baadaye alirudi kituoni peke yake. Nilidhani ameenda kuomba radhi. Kisha fundi wa Nairobi akaja, kijana mwenye kompyuta ya kubeba, akakaa nayo asubuhi moja tu. Akasema kosa amelipata, tena ni la aibu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kulifanya. Nilipoambiwa nilimwona mjinga. Nilijua hakuna kosa la kupatikana. Nilisema huyo ameona aibu kurudi Nairobi mikono mitupu, akabuni. Nilitukana vizuri sana siku hiyo.

Rose akabaki kazini. Yule mama mjane alipata ujumbe wa Rose, akaacha kuleta maziwa ya jirani kituoni, akawa anayapeleka kwa mahoteli ya Salgaa. Mwenye ng'ombe alikuwa amepanga chumba huku Rhonda, na nilisikia kwamba lita zake zilizowekwa kando hazikupotea. Wote hao walipona. Aliyelipa ni Mwalimu. Nakuru ni mji mdogo ukiwa na habari tamu. Walimwita Mwalimu wa Maziwa Hewa. Kinyozi chini ya chuo aliwaambia wateja, vijana wakaimba ngazini, "Lita moja, lita mbili, zingine za hewa!" Wazazi wakahamisha watoto. Ushirika mwingine uliokuwa utupe kazi ukanyamaza. Yeye alipita kati ya hayo yote na koti lake la chaki, akisalimia watu, na mimi nilitamani kumpiga kofi kila mtu njiani kwa niaba yake.

Mwaka ulipokuwa unaisha chuo kilifungwa kabisa. Nilikuwa nimepata kazi kwingine, lakini nilienda kwake Section 58 kumsaidia, maana alikuwa anauza zile kompyuta na zilitakiwa kufutwa kwanza. Mke wake alinifungulia. "Ingia, mwanangu. Yuko na mashine zake, usiku na mchana kama amefiwa." Mwalimu alikuwa amepiga magoti sebuleni, anafungasha waya.

Kwenye kompyuta ya mwisho nilikuta ile programu ya maziwa. Nilikuwa na neno langu moyoni, nilikuwa nimelibeba mwaka mzima. Nilitaka kumwambia mambo yametulia sasa, twende kwa kamati nyingine yoyote, tuwaonyeshe programu safi, jina lake lirudi. Nikaifungua nimwonyeshe. Nikaiwekea lita chache za kujaribu, nikaiamuru isimame kila hatua.

*Endelea?* Nikaendelea. Ikafika kwenye mabaki ya desimali, na mbele ya macho yangu zile lita zikakatwa kidogo kidogo kwa wanachama wote, zikaangukia namba iliyolala. Nikarudi nyuma. Nikaendelea tena. Zikaangukia palepale. Mahali pa namba ya mtungi, ile aliyoipigania yeye mwenyewe, palikuwa patupu. Lita zilifika mwisho bila habari yoyote.

"Mwalimu," nilisema, "hili kosa halikuwako."

Hakugeuka. "Sasa liko. Hapa na kule kituoni."

"Ulilitia wewe? Ile siku ulirudi peke yako?"

"Fundi alikuwa anakuja. Lazima angekuta kitu." Alivuta waya, akauzungusha kwenye kiganja. "Asipokuta kitu, angeanza kuuliza kabla ya hapo kulikuwa na nini."

Nililia. Sioni haya kulisema. Nililia kwa sababu ya yule fundi niliyemtukana, na kinyozi, na nyimbo za ngazini, na kwa sababu nilijua mkono wa mtu huyu. Hakuwa na uwezo wa kuacha hata mstari mmoja umekaa vibaya, na alikuwa amekaa peke yake pale kituoni akaharibu kazi safi kwa uangalifu, akalingoja kosa lile limvunjie jina. Nilisoma mistari ile moja moja. Ilikuwa imeandikwa kama mtu aliyechoka angeiandika, na hakuna ambaye angeishuku.

Alinyanyuka kwa shida, magoti yakalia, akaja akainama nyuma ya kiti changu na kuangalia kioo juu ya miwani.

"Niliandika na kufuta, niliandika na kufuta," alisema. "Kukosea kwa kutaka ni kazi, mheshimiwa."

"Ni kosa zuri, Mwalimu."

Alikagua mstari kwa mstari.

"Bado halijanikatalia," alisema. Kioo kilikuwa bado kinauliza. Akapitisha mkono juu ya bega langu, akabonyeza *Endelea*, programu ikamaliza, nasi tukaanza kufungasha waya zilizobaki.